WFS, Ambisoniki au VBAP: spika unazo nyingi, sasa uziendeshe kwa njia ipi?

Mtu akishafikisha spika 16, 24 au hata 60 chumbani, swali lake huwa ni niongeze ngapi tena, na mi naona hapo ndo wengi wanapopotea, maana idadi peke yake haikwambii kitu. Spika 24 zinaweza kuwa nyingi kupita kiasi kwa njia moja, na kwa njia nyingine zisitoshe hata kuanzia. Kabla hujahesabu spika jibu mambo mawili: wasikilizaji wako wanakaa wapi (mmoja katikati, watu 30 kwenye viti, au wanazunguka zunguka tu), na kutoka spika moja mpaka jirani yake ni sentimita ngapi. Ukishakuwa na majibu hayo kuchagua sio kazi ngumu tena.

Nalinganisha njia tatu kubwa za kugawa sauti kwenye spika nyingi ili isikike ikitoka pale unapotaka: VBAP, Ambisoniki na WFS. Zipo zingine, mfano DBAP iliyotoka 2009, ambayo haijali kabisa msikilizaji yuko wapi, inaangalia tu umbali wa chanzo (pale unapotaka sauti isikike ikitokea) mpaka kila spika alafu inagawa nguvu. Ni nzuri kwa maonyesho ambayo spika zimetundikwa hovyo hovyo na watu wanapita, ila ukitaka mwelekeo uliokaa sawasawa haitakufikisha mbali, kwa hiyo naiacha hapo.

Zinafanya nini hasa

VBAP aliileta Ville Pulkki, Helsinki, 1997. Unaiambia nataka sauti itokee upande fulani, yenyewe inatafuta spika mbili zilizo jirani na upande huo (au tatu kama una spika za juu pia) inazigawia nguvu, zingine zote zinanyamaza. Ni stereo ile ile tunayoijua, imekatwa vipande vidogo na kuzungushwa chumba kizima. Basi. Urahisi huu watu wanaudharau lakini ndo nguvu yake.

Ambisoniki ni ya Michael Gerzon na wenzake Uingereza, miaka ya 70. Hii haianzi na spika, inaanza na sauti inayofika sehemu ya katikati kutoka kila upande, inaieleza kwa chaneli kadhaa. Oda ni kiwango cha undani, ikipanda mwelekeo unakuwa mkali zaidi: oda ya kwanza chaneli 4, oda ya tatu 16, oda ya tano 36 (chukua oda, jumlisha moja, zidisha jibu kwa lenyewe). Dikoda ndo inakuja mwishoni kugeuza chaneli hizo zilingane na spika ulizonazo. Cha kushika hapa ni kwamba karibu kila spika inatoa kitu muda wote, hata zile zilizo upande wa pili wa chanzo.

WFS, yaani usanisi wa uga wa mawimbi, ilitoka kwa Berkhout pale Delft, Uholanzi, 1988. Wazo lenyewe ni la zamani sana, ni la Huygens wa karne ya 17, kwamba kila nukta kwenye wimbi ni kama chanzo kipya kidogo. Kwa hiyo ukipanga spika nyingi zimebanana kwenye mstari, kila moja ukaichelewesha kwa kiasi chake, wimbi litakaloingia chumbani linakuwa sawa na lile ambalo chanzo halisi kilichoko nyuma ya ukuta kingelitoa. Bell Labs walishawaza pazia la maiki nyingi upande mmoja na pazia la spika nyingi upande mwingine tangu miaka ya 30, ila kwenye onyesho lao la 1933, okestra ipo Philadelphia na watu wanasikiliza Washington, walitumia chaneli tatu tu. Mamia ya amplifaya enzi zile ungeyatoa wapi.

Kiti cha katikati na viti vya watu wengine

Hapa ndo pa kukaa sana, mengine yote yanafuata.

Chukua duara la spika 24, kutoka katikati mpaka spika ni mita 2. Ukikaa katikati njia zote zinapendeza na muuzaji yeyote atakukalisha hapo hapo. Sasa sogea mita moja kulia. Spika ya kulia iko mita 1 kutoka kwako na ya kushoto iko mita 3. Tofauti ni mita 2, kwa hiyo ya kulia inakufikia karibu milisekunde 5.8 kabla ya mwenzake na ina nguvu zaidi kwa desibeli 9.5 hivi. Sikio la binadamu lina tabia ya kuamini sauti iliyotangulia kufika, ikikuta ya kwanza imetoka kulia inasema chanzo kiko kulia, zinazokuja nyuma yake kwa milisekunde chache inaziunganisha tu humo humo.

Sasa weka Ambisoniki ya oda ya kwanza kwenye hali hiyo. Chanzo umekiweka kushoto, lakini spika za kulia nazo zinatoa mabaki yake, na mabaki hayo ndo yanayotangulia. Unachosikia ni sauti imeruka ikaganda kwenye spika iliyo karibu na sikio lako, au imetawanyika haina pa kuishika. Kuna hesabu fupi inaonyesha eneo ambalo wimbi linajengwa sawasawa: zidisha oda kwa 343 (mwendo wa sauti, mita kwa sekunde), gawa kwa 6.28 mara frikwensi. Oda ya kwanza kwenye kilohezi 1 inakupa sentimita 5.5 kutoka katikati, yaani hata kichwa kimoja hakienei. Oda ya tatu sentimita 16, ya tano 27, ya saba 38. Na hiyo ni kilohezi 1, ukipanda kilohezi 4 gawa kila moja kwa nne.

Ukiishia kwenye hesabu utasema basi Ambisoniki ni ya mtu mmoja, lakini kiuhalisia sikio linasamehe mengi. Ukitumia dikoda ya aina ya max-rE, ambayo inasukuma nguvu nyingi ielekee upande wa chanzo na kupunguza mabaki ya nyuma, oda ya tatu mpaka ya tano inahudumia kikundi cha watu vizuri tu, mradi wasikae wamegusa ukuta. Oda ya kwanza kwa kundi la watu, hapana, usijisumbue.

VBAP kwenye duara lile lile: spika 24 zinapishana nyuzi 15. Ukihamia upande, ile sauti iliyo kati ya spika mbili inavutwa kwenda kwa spika iliyo karibu zaidi na wewe, sawa, lakini itavutwa mpaka wapi? Mwisho wake ni spika ile. Haiwezi kutoroka nje ya wale wawili wanaoishikilia, kwa hiyo inabaki kwenye kipande kile kile cha ukuta hata ukae kiti kibaya kuliko vyote. Ndo maana nasema wingi wa spika unailipa VBAP kuliko watu wanavyodhani, kila ukiongeza spika kipande cha kukosea kinapungua, na huhitaji kubadilisha kitu kwenye kazi yako.

WFS inacheza mchezo mwingine. Pale chanzo kinabaki mahali pake hata ukitembea. Weka sauti ya mtu anaongea mita 2 nyuma ya ukuta wa spika, tembea kutoka mwisho mmoja wa ukuta mpaka mwingine, na yule mtu anabaki pale pale, pembe inabadilika kadiri unavyosogea kama vile ungempita mtu halisi aliyesimama dirishani. VBAP na Ambisoniki haziwezi hilo, zenyewe zinajua mwelekeo tu. Kama kazi yako ni ya watu kutembea ndani yake na mahali pa sauti pana maana, mjadala unaishia hapo, lakini soma kwanza inachodai.

Sentimita kati ya spika na spika

WFS ina kikomo cha frikwensi kinachotokana na nafasi kati ya spika. Hesabu ya tahadhari ni 343 gawa kwa mara mbili ya nafasi hiyo. Spika zikiachana sentimita 10 kikomo ni kama hezi 1,700. Lile duara letu la spika 24 zinaachana karibu sentimita 52, kikomo chake ni hezi 330 hivi! Juu ya hapo wimbi halijengeki tena, linavunjika vipande vipande, kila spika inaanza kusikika kama spika. Kwa hiyo mtu akikwambia anaendesha WFS kwa spika 24 zilizozunguka sebule, mwulize ni chini ya hezi ngapi.

Ukitaka kikomo kifike kilohezi 10 unahitaji nafasi ya sentimita 1.7, na spika ya upana huo itatoa nini upande wa chini? Ndo maana hakuna anayefika huko, kazi nyingi zinaishia sentimita 10 mpaka 20 na zinaishi na kasoro. Habari njema ni kwamba chini ya kilohezi 1.5 hivi sikio linapima mwelekeo kwa tofauti ya muda kati ya sikio moja na lingine, na likishapata taarifa nzuri huko chini linazifuata, kwa hiyo mwelekeo haupotei. Kinachoumia ni rangi ya sauti. Piga kelele ya pinki (mvumo wa majaribio wenye frikwensi zote, kama maporomoko ya maji) kupitia WFS ya sentimita 15 alafu tembea taratibu: huko juu utasikia "shhh" inabadilika badilika kila hatua, kama mtu anachezea kitasa cha ekwalaiza. Kwenye muziki wenye vitu vingi humezwa, kwenye sauti ya mtu mmoja aliyerekodiwa kavu, yaani bila mwangwi, inaudhi.

Sasa piga hesabu ya chumba cha mita 10 kwa 8. Mzunguko ni mita 36, kila sentimita 10 spika moja, ni spika 360, na zote ziko usawa wa masikio tu, juu hakuna kitu. Ukumbi wa H104 wa chuo kikuu cha TU Berlin una spika zaidi ya 2,700 kwenye chaneli 832. Ile Sphere ya Las Vegas iliyofunguliwa 2023, mfumo wa HOLOPLOT, viendeshi vya sauti ni zaidi ya 160,000. Hizo ndo namba za WFS na ndugu zake.

Ambisoniki nayo ina jambo lake la nafasi, ila limegeuka, na hili watu hawaliamini mpaka wasikie. Kuongeza spika bila kuongeza oda kunaharibu. Oda ya kwanza kwenye spika 24 maana yake ni kwamba spika jirani zinatoa karibu kitu kile kile, mawimbi yanakutana masikioni na kufutana kwenye frikwensi za juu, sauti inakuwa butu, na ukisogeza kichwa kidogo inabadilika. Faili lile lile la oda ya kwanza linaweza kusikika safi zaidi kwenye spika 6 au 8. Kwa duara la chini peke yake oda inahitaji chaneli mara mbili yake jumlisha moja, kwa hiyo spika 24 zinabeba mpaka oda ya 11, hiyo ni nzuri kweli kweli. Ukizisambaza spika hizo hizo 24 kwenye kuba lenye za juu, unabaki na oda ya tatu, ya nne inataka 25.

Rangi, ukubwa wa chanzo, na kitu kinachotembea

Chukua kelele ya pinki tena, izungushe polepole ukiwa katikati. VBAP: ikifika juu ya spika inakuwa kali na ndogo, ikiwa katikati ya spika mbili inavimba na rangi inageuka kidogo, alafu inakaza tena, unaweza kuhesabu spika ukiwa umefumba macho. Kwa nyuzi 15 inavumilika, kwa nyuzi 45 inachosha. Dawa ipo, inaitwa MDAP, unatawanya chanzo kidogo ili spika zaidi ya mbili zishiriki wakati wote, unapoteza ukali unapata usawa. Ambisoniki inazunguka kwa ukubwa ule ule mwanzo mwisho, haikwambii spika iko wapi, ila ukubwa wenyewe unategemea oda, chini ya oda ya tatu ni wingu.

Kwa vitu vinavyokimbia mi nachagua Ambisoniki bila kufikiri, na ukitaka kugeuza dunia nzima nyuzi 90 ni plagini (programu ndogo ya nyongeza) moja tu ya kuzungusha, hata kama ndani kuna vyanzo 100. WFS ukisogeza chanzo haraka muda wa kuchelewesha unabadilika, na muda ukibadilika toni nayo inapanda au kushuka, kama gari linavyokupita barabarani. Wengine wanaipenda. Ukiwa na filimbi inayotakiwa kukaa kwenye noti yake hutaipenda, kwa hiyo angalia kama programu yako inaruhusu kuizima.

Kuna kitu kimoja WFS inafanya ambacho kinavuta watu sana, kuleta chanzo ndani ya chumba, mbele ya spika, karibu na pua yako. Kweli kinawezekana, spika zinachelewesha kinyume ili mawimbi yakutane kwenye nukta alafu yatawanyike kutoka hapo. Lakini aliyesimama kati ya nukta hiyo na spika anasikia kitu kisichoeleweka, wimbi linampita kwenda kwenye nukta badala ya kutoka kwenye nukta. Tena zile kasoro za juu ya kikomo hapa zinafika kabla ya sauti yenyewe badala ya baada yake, na sikio haliwasamehi wanaotangulia. Weka kwa sehemu fupi, usijengee kazi nzima juu yake.

Kurekodi, kubeba, kompyuta

Ukitaka kurekodi mahali halisi, msitu, kanisa, soko, Ambisoniki ndo pekee yenye maiki yake: ya vidonge vinne (vipokea sauti vidogo ndani ya maiki) kwa oda ya kwanza, na zipo za vidonge 32 zinazofika oda ya nne. VBAP na WFS zinataka kila chanzo kikae peke yake, kikavu, ndo ukiweke mahali.

Kubeba kazi kwenda ukumbi mwingine: faili la Ambisoniki la chaneli 16 linafunguka popote, dikoda ya ukumbi ule inamaliza. VBAP na WFS unabeba sauti pamoja na namba za mahali pa kila chanzo, hiyo nayo inahama vizuri kama umehifadhi kama vitu vinavyojitegemea. Usihifadhi matokeo ya spika moja moja, chaneli 24 zilizopikwa kwa chumba chako hazitamsaidia mtu mwingine yeyote.

Mzigo wa kompyuta nao sio sawa. Vyanzo 32 kwa VBAP ni kuzidisha 96 tu, spika tatu kwa kila chanzo. Ambisoniki ya oda ya tano ni vyanzo 32 mara chaneli 36, alafu dikoda moja ambayo haijali una vyanzo vingapi. WFS ya vyanzo hivyo hivyo 32 kwenye spika, tuseme, 126 ni mistari ya kuchelewesha 4,032, kila mmoja unabadilika chanzo kikisogea. Bado hujagusa kebo, amplifaya, na kadi za sauti, maana MADI, mfumo wa kidijitali wa kupitisha chaneli nyingi za sauti, inabeba chaneli 64 kwa waya mmoja, kwa hiyo spika 126 tayari ni waya mbili na vifaa vya pande zote mbili.

Ningechagua hivi

Msikilizaji mmoja au wachache wamekaa katikati, kazi ni rekodi za mahali au muziki unaozunguka: Ambisoniki, oda ya tatu kama spika ni 16 hadi 24 kwenye kuba, panda oda kadiri spika zinavyoongezeka.

Viti vingi, watu mpaka pembeni, na kila mtu lazima ajue mwimbaji yuko kushoto: VBAP, na spika ziongeze mbele kuliko nyuma kwa sababu mbele sikio linatofautisha hata nyuzi moja, nyuma na pembeni halina ukali huo. Mbele weka kila nyuzi 10, nyuma hata 30 zinatosha.

Ukuta mmoja, watu wanatembea mbele yake, bajeti ya spika 80 kwa mita 8: WFS, na utafurahi. Chumba kizima kwa WFS ni cha taasisi.

Mchanganyiko nao unaruhusiwa, na kwa kumbi nyingi za kati ndo ningeuchagua: mandhari, upepo, mwangwi wa chumba vyote kwenye Ambisoniki, vitu vinavyotakiwa kuwa na ncha kali, sauti ya mtu, mlio wa chuma, kwenye VBAP juu ya spika zile zile. Zote mbili zinataka spika zilingane umbali kutoka katikati. Zisipolingana zirekebishe kwanza, iliyo mita 3 wakati wenzake wako mita 3.5 icheleweshe milisekunde 1.46 na uipunguze desibeli 1.3, la sivyo hutajua unalaumu njia au unalaumu stendi.

Kabla ya kuamua jaribu zote kwenye spika ulizonazo, haina gharama. Programu ya SoundScape Renderer ya bure inacheza mandhari moja kwa WFS, Ambisoniki au VBAP, na vifurushi vya plagini, IEM Plug-in Suite ya Graz, Austria, na SPARTA ya chuo kikuu cha Aalto, Finland, navyo ni vya bure. Tumia sauti ya mtu iliyorekodiwa kavu, sio muziki uliokwisha mikswa, na usikilizie kwenye kiti cha pembeni kabisa. Besi iweke kwenye sabwufa tofauti kuanzia hezi 80 kwenda chini, spika ndogo zilizobanana hazina la kufanya huko.